Bingwa Asiyehitaji Huruma: Mhadhara juu ya Lucas Mazur na Mpira wa Vinyoya



Ninazungumza leo juu ya Lucas Mazur, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1997, bingwa mara mbili wa Michezo ya Paralimpiki katika mpira wa vinyoya, yaani badmintoni. Dhahabu ya kwanza aliitwaa Tokyo mwaka 2021, akaitetea Paris mwaka 2024. Mara zote mbili fainali ilimkutanisha na mtu yule yule, Suhas Yathiraj wa India. Ni nadra historia ya mchezo kutupa nafasi nzuri namna hii ya kumsoma mchezaji: mpinzani mmoja, fainali mbili, na miaka mitatu katikati.

Ninamzungumzia Mazur kwa sababu ninaona tuna deni kwa wachezaji wa aina yake. Mtu mwenye ulemavu akishinda, magazeti na redio zetu humsimulia kwa mtindo mmoja. Tunaambiwa alivyozaliwa, alivyougua, alivyolia, na jinsi anavyotutia moyo sisi wazima. Hatuambiwi alishinda kwa pointi ngapi. Hatuambiwi mpinzani wake alikuwa nani, alimsumbua wapi, na mchezo uligeuka seti ya ngapi. Sifa zinamiminika, mchezo wenyewe unapotea.

Hoja yangu ni hii: mchezaji mwenye ulemavu anastahili kusomwa kama mchezaji. Apimwe kwa matokeo yake, kwa mbinu zake, kwa uzito wa mpinzani wake na kwa sheria ya mchezo wake. Tukimtazama kwa jicho la huruma tunamnyima kile kile alichokitolea jasho, yaani haki ya kuitwa bora baada ya kuwashinda walio bora.

Mchezo unaodai kifundo cha mguu

Tuanze na uwanja, kwa maana bila kuuelewa uwanja hatuwezi kuuelewa ushindi.

Uwanja wa badmintoni una urefu wa mita 13.40, na kwa mchezo wa mmoja kwa mmoja una upana wa mita 5.18. Wavu katikati una kimo cha mita 1.524. Kinyoya chenyewe kina manyoya 16 yaliyopachikwa kwenye kizibo, na uzito wake haufiki hata gramu 6. Kikitoka kwenye raketi ya mchezaji hodari kinaweza kwenda kwa kasi inayozidi kilomita 400 kwa saa. Lakini manyoya yale hukamata hewa, kasi ikafa ghafla, na kinyoya kilichoondoka kama risasi hufika upande wa pili kikiwa kimepoa. Anayekijua kinyoya anaweza kukibamiza ili kimfikie mpinzani kabla hajajipanga, au kukigusa kidogo tu kikadondoka nyuma ya wavu kama kimekata tamaa.

Kwa hiyo mchezaji anavutwa pande nne. Anaitwa mbele kwenye wavu, anarudishwa nyuma hadi mstari wa mwisho, anapelekwa kulia, anarejeshwa kushoto. Kinyoya hakiruhusiwi kugusa chini hata mara moja. Katika tenisi mpira hudunda, na mdundo ule humpa mkimbiaji pumzi ya ziada. Katika badmintoni hakuna mdundo, ukichelewa, umechelewa.

Sasa tazameni kinachofanyika miguuni. Kila mpinzani anapopiga, mchezaji huruka kidogo sana na kutua kwa ncha za vidole, tayari kuondoka upande wowote. Akiitwa mbele, hutupa mguu mmoja kwa hatua ndefu, uzito wote wa mwili ukaangukia mguu ule. Kisha mguu huo huo lazima umsukume arudi katikati kabla pigo la pili halijaja. Kazi hiyo ya kutua, kukaza, kugeuka na kusukuma hufanywa zaidi na kifundo cha mguu. Katika pambano gumu mchezaji huifanya mara mamia.

Mazur hana kifundo cha kufanya kazi hiyo kama wengine. Akiwa mtoto mdogo damu iliganda kwenye mishipa ya miguu yake, na ugonjwa ule ukamwachia kifundo cha mguu wa kulia kisichotii. Mtu anayeujua mchezo akisikia habari hii hujiuliza swali la kiufundi: basi anarudije katikati ya uwanja? Swali hilo ndilo linalomheshimu. Asiyeweza kutegemea msukumo wa kifundo lazima aanze safari mapema kuliko mwenzake. Lazima asome bega na kiwiko cha mpinzani kabla kinyoya hakijaondoka. Lazima goti na nyonga zibebe kazi ya ziada, na lazima achague pigo la juu na refu pale anapohitaji sekunde ya kujipanga. Yote hayo ni maarifa ya mchezo, na hujengwa kwa mazoezi ya miaka.

Madaraja ni sheria ya haki

Wapo wanaosema kuwa michezo ya watu wenye ulemavu imegawanywa mno, medali nyingi kwa watu wachache, na kwamba ubingwa wa daraja moja si ubingwa kamili. Nawaheshimu wanaouliza hivyo, kwa sababu angalau wanauliza juu ya mchezo. Nawajibu kwa mfano wa ndondi. Hakuna anayelalamika bondia wa uzito wa chini anapoitwa bingwa wa dunia bila kupigana na mtu wa kilo 100. Tunaelewa kwamba uzito umesawazishwa ili ustadi uonekane. Madaraja ya badmintoni ya watu wenye ulemavu hufanya kazi hiyo hiyo.

Yapo madaraja sita. WH1 na WH2 ni ya wachezaji wanaotumia viti vya magurudumu. SL3 na SL4 ni ya wanaosimama lakini wana ulemavu wa miguu, ulemavu wa SL3 ukiwa mzito zaidi. SU5 ni ya wenye ulemavu wa mkono. SH6 ni ya watu wenye kimo kifupi. Kila daraja limepewa uwanja unaolingana na miili ya wachezaji wake. Katika mchezo wa mmoja kwa mmoja, wachezaji wa viti na wale wa SL3 hutumia nusu ya uwanja kwa upana. Kwa wachezaji wa viti, eneo la mbele karibu na wavu huhesabiwa kuwa nje, kwa sababu kiti hakiwezi kuwahi kinyoya kinachodondoka pale. Wataalamu humchunguza mchezaji kabla hajaruhusiwa kushindana, wakapima namna mwili wake unavyofanya kazi, ndipo wakampangia daraja.

Mazur yuko SL4, na watu wa SL4 hucheza uwanja mzima. Kila sentimita ambayo mchezaji mwenye miguu miwili mizima anapaswa kuilinda, Mazur naye anapaswa kuilinda. Wavu ni ule ule. Kinyoya ni kile kile. Seti ni ya pointi 21, na mshindi ni wa seti mbili kati ya tatu, kama ilivyo kwa kila mchezaji wa dunia. Sheria imefanya jambo moja tu: imehakikisha kwamba anayesimama upande wa pili wa wavu naye ana mguu unaomsumbua. Baada ya hapo, sheria imewaacha wapambane.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Madaraja haya ni haki iliyoandikwa kwa mita na kwa mistari ya uwanja, na ndiyo maana dhahabu inayotoka humo ina thamani kamili.

Mlango uliochelewa kufunguliwa

Kipaji peke yake hakimfikishi mtu Tokyo. Lazima kuwe na mlango, na katika mchezo huu mlango ulichelewa sana.

Badmintoni iliingia rasmi katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1992, Barcelona. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wachezaji wenye ulemavu yalifanyika Uholanzi mwaka 1998, lakini kwa miaka mingi yaliendeshwa na chombo chao peke yao, pembeni. Mwaka 2011 Shirikisho la Dunia la Badmintoni likayachukua mashindano hayo na kuyaweka chini ya paa lake. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki ikaamua kuiingiza badmintoni katika ratiba ya Tokyo. Wakati uamuzi ule unatolewa, Mazur alikuwa kijana wa miaka 16. Kwa mara ya kwanza kijana wa aina yake aliweza kupanga maisha yake kwa kulenga medali ya Paralimpiki katika mchezo anaoupenda.

Fikirini juu ya waliomtangulia. Kabla ya hapo walikuwapo wachezaji wazuri wenye miguu kama yake na mikono kama ya wenzake wa SU5, waliozeeka bila mlango ule kufunguliwa. Hatuwezi kusema hawakuwa na kipaji. Walikosa mahali pa kukionyesha.

Ufaransa yenyewe ina historia ndefu katika mchezo huu. Ilikuwa miongoni mwa nchi tisa zilizoanzisha shirikisho la kimataifa mwaka 1934. Hata hivyo mataji makubwa yalikwenda China, Indonesia, Denmark, Malaysia na Korea Kusini. Mwaka 2009, katika mashindano ya dunia huko Hyderabad, Pi Hongyan, mwanamke aliyezaliwa Chongqing nchini China na kuichezea Ufaransa, aliipatia nchi hiyo medali ya shaba, na Wafaransa wakaisherehekea kama tukio la kihistoria. Katika Olimpiki, Ufaransa haijawahi kupata medali ya badmintoni hadi leo, hata katika michezo ya nyumbani Paris mwaka 2024.

Kwa hiyo Mfaransa wa kwanza kusimama kwenye jukwaa la juu kabisa la badmintoni, ukiziweka pamoja Olimpiki na Paralimpiki, ni Lucas Mazur. Jambo hili nalisema kwa mkazo kwa sababu husahaulika. Nchi iliyoshiriki kuuanzisha uongozi wa dunia wa mchezo huu ilisubiri miaka 87 kupata dhahabu ya kiwango hicho, na aliyeileta ni mchezaji wa SL4.

Tokyo: pointi nne kati ya 110

Michezo ya Tokyo iliahirishwa kwa mwaka mzima kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na ilipofanyika, milango ilifungwa kwa watazamaji wa kawaida. Badmintoni ya Paralimpiki ilichezwa Yoyogi, katika jumba maarufu lililobuniwa na Kenzo Tange kwa ajili ya Olimpiki ya mwaka 1964. Wachezaji 90 walishindania medali 14 za dhahabu, za kwanza kabisa katika historia ya Paralimpiki kwa mchezo huu.

Mazur alifika akiwa anaongoza orodha ya ubora wa dunia katika daraja lake, na tayari alikwisha kuwa bingwa wa dunia zaidi ya mara moja. Katika hatua ya makundi alikutana na Suhas Yathiraj akamshinda. Katika nusu fainali alimtoa Mhindi mwingine, Tarun Dhillon. Tarehe 5 Septemba 2021 akarudi uwanjani kumkabili Suhas kwa mara ya pili, safari hii kwa dhahabu.

Aliyedhani kwamba Suhas ameshapimwa katika makundi alikosea. Mhindi huyo alichukua seti ya kwanza 21-15. Katika fainali, mtu aliyekwisha kumshinda mpinzani wake siku chache nyuma, kisha akaipoteza seti ya kwanza, hubeba mzigo wa pekee. Anajua kwamba mwenzake amepata jibu la mchezo wake. Anajua pia kwamba seti moja tu inamtenga na kushindwa. Hapo ndipo bingwa anapojulikana, kwa kuwa sasa lazima abadilike akiwa katikati ya moto.

Mazur aliitwaa seti ya pili 21-17. Seti ya tatu akaimaliza 21-15. Pambano lilidumu zaidi ya saa moja kidogo.

Naomba tuzihesabu pointi, maana namba zinasema jambo ambalo sifa haziwezi kulisema. Mazur alipata jumla ya pointi 57, Suhas 53. Katika pointi 110 zilizochezwa, tofauti ilikuwa pointi 4. Dhahabu na fedha zilitenganishwa na vinyoya vinne. Mtu anayesema kwamba ubingwa wa daraja hauna ushindani na azitazame namba hizo tena.

Ushindi ule haukumpa kila kitu. Katika mchezo wa wawili, mwanamume na mwanamke, Mazur alishirikiana na Faustine Noël. Walifika fainali wakakutana na Hary Susanto na Leani Ratri Oktila wa Indonesia, wakashindwa, wakapata fedha. Oktila aliondoka Tokyo na dhahabu mbili na fedha moja, rekodi inayoonyesha alikuwa mchezaji wa namna gani. Kushindwa na mtu kama huyo ni sehemu ya heshima ya mchezo, na habari ya kushindwa huko ni muhimu kwetu. Inathibitisha kwamba mashindano yale yalikuwa mashindano ya kweli. Hakuna aliyepewa medali kwa sababu ya historia ya ugonjwa wake. Kila mmoja aliichukua kwa kumshinda aliyekuwa mbele yake.

Mpinzani wa kweli

Bingwa hawezi kusomwa bila mpinzani wake, basi tumtazame Suhas Yathiraj.

Alizaliwa mwaka 1983 katika jimbo la Karnataka, akiwa na kasoro ya kifundo cha mguu tangu kuzaliwa. Alisomea uhandisi wa kompyuta, kisha akaingia katika utumishi wa umma wa ngazi ya juu nchini India. Wakati wa korona alikuwa mkuu wa wilaya ya Gautam Buddha Nagar, karibu na Delhi, wilaya yenye mji mkubwa wa Noida. Mchana alisimamia hospitali, chakula na usalama wa watu. Usiku, kazi ikiisha, alifanya mazoezi. Mwaka 2016 alikwisha kutwaa ubingwa wa Asia, Beijing. Alipocheza fainali ya Tokyo alikuwa na miaka 38, Mazur miaka 23.

Hivyo fainali ile iliwakutanisha watu wawili ambao kila mmoja ana kifundo kimoja kisichomtii, mmoja kwa ugonjwa wa utotoni, mwingine kwa kuzaliwa nacho. Katika maisha ya kawaida wasingekutana kamwe. Sheria ya daraja iliwakutanisha, na kutoka hapo kila mmoja akamlazimisha mwenzake kuwa bora zaidi. Suhas hakukubali kwamba Tokyo ndiyo mwisho. Mwaka 2023 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia ya watu wenye ulemavu huko Hangzhou. Februari 2024, huko Pattaya, Thailand, akawa bingwa wa dunia, akiwa na miaka 40.

Alipokwenda Paris miezi michache baadaye, Suhas ndiye aliyekuwa na taji la dunia. Mazur alikuwa na dhahabu ya Tokyo na umati wa nyumbani, na umati wa nyumbani huweza kuwa mbawa au mzigo.

Paris: dhahabu mbele ya wenyewe

Badmintoni ya Paris 2024 ilichezwa katika ukumbi mpya wa Porte de la Chapelle, kaskazini mwa jiji, eneo la wafanyakazi na wahamiaji ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likitajwa zaidi kwa shida zake. Safari hii dhahabu za mchezo zilikuwa 16, na wachezaji 120. Kutoka Tokyo iliyokuwa bila watazamaji, Mazur aliingia katika ukumbi uliojaa watu wanaoliita jina lake.

Kwa mchezaji mwenye ulemavu jambo hilo lina uzito wake. Kwa vizazi vingi watu wenye ulemavu wamezoea kutazamwa kwa namna mbili: kwa mshangao au kwa masikitiko. Watazamaji wa Paris walikuwa wamekuja kushangilia pointi. Walipiga kelele kinyoya kilipodondoka ndani, wakaguna kilipotoka nje, kama wafanyavyo watazamaji wa mchezo wowote. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia tangu mwanzo.

Fainali ilichezwa tarehe 2 Septemba 2024. Mazur alishinda seti mbili mfululizo, 21-9 na 21-13. Tufanye hesabu tena: pointi 42 kwa 22, tofauti ya pointi 20. Dhidi ya mtu yule yule aliyemkaribia kwa pointi 4 miaka mitatu nyuma, na ambaye wakati huu alikuja akiwa bingwa wa dunia, Mazur aliipanua tofauti mara tano.

Kwa nini? Umri una sehemu yake, kwani Mazur alikuwa na miaka 26 na Suhas 41. Lakini umri hautoshi kueleza, maana ni huyo huyo Suhas aliyetawala dunia Februari mwaka ule. Namba zinatuonyesha mchezaji aliyejifunza kutoka katika seti aliyoipoteza Tokyo. Safari hii hakumruhusu mpinzani wake aingie mchezoni. Kumshinda mtu mara ya kwanza ni jambo moja. Kumshinda tena, baada ya yeye kuusoma mchezo wako kwa miaka mitatu, ni jambo gumu zaidi, na ndicho kipimo ninachoomba tukitumie tunapompima Mazur.

Katika mashindano hayo hayo Charles Noakes, Mfaransa mwenzake wa daraja la SH6, naye alitwaa dhahabu kwa kumshinda Mwingereza Krysten Coombs. Dhahabu mbili za badmintoni kwa Ufaransa, zote kutoka Paralimpiki. Nchini humo shirikisho lile lile linalosimamia badmintoni ya wachezaji wote ndilo linalosimamia ya wachezaji wenye ulemavu. Nchi inayowaweka wachezaji wake wote katika nyumba moja huvuna kutoka vyumba vyote.

Na sisi?

Ndugu zangu, mtu anaweza kusema hayo ni ya Ulaya. Kuna mji mmoja wa jirani zetu unaonizuia kukubali. Kampala imekuwa mwenyeji wa mashindano ya kimataifa ya badmintoni ya watu wenye ulemavu, yaliyowekwa kwenye kalenda ya shirikisho la dunia, na wachezaji kutoka mabara mengine wameyafuata huko. Uganda ilimpeleka Ritah Asiimwe Tokyo, katika mashindano yale yale ya kwanza ambamo Mazur alipata dhahabu yake. Mlango uliofunguliwa mwaka 2014 umefunguliwa kwa watoto wetu pia.

Kinachobaki ni kazi ya nyumbani, na badmintoni ni rafiki wa shule zisizo na fedha nyingi. Raketi mbili, kinyoya, kamba iliyofungwa kati ya miti miwili, na kivuli kisicho na upepo vinatosha kuanza. Lakini katika shule nyingi mtoto mwenye mguu mbovu bado hukaa pembeni kipindi cha michezo, analinda mashati ya wenzake. Mwalimu hafanyi hivyo kwa ubaya. Anamhurumia, anaogopa ataumia. Huruma hiyo ndiyo inayomfungia mlango. Mpeni raketi. Mpunguzieni uwanja kama sheria ya SL3 inavyofanya, kisha mhesabieni pointi bila kumzawadia hata moja. Akishindwa, mwambieni ameshindwa wapi, kama mnavyomwambia mwingine yeyote.

Tunayo methali inayosema hujafa hujaumbika. Ni methali nzuri ya kumnyamazisha anayemcheka mwenzake. Ila inamwonya mzima tu, na mwenye ulemavu inamwacha pale pale akiwa fundisho la wengine. Mtoto wa shule hahitaji kuwa fundisho la mtu. Anahitaji kocha.

Nawageukia waandishi wa habari na watangazaji walio hapa. Michezo ya Paralimpiki ya Los Angeles itafika mwaka 2028, na badmintoni imo. Mtakapotangaza, anzeni na matokeo. Semeni seti zilikwenda ngapi kwa ngapi, nani aliongoza, nani aligeuza mchezo na kwa pigo gani. Semeni mpinzani alikuwa nani na alikuwa ametoka kumshinda nani. Habari ya mguu au mkono ipewe nafasi yake, kwa kadiri inavyotusaidia kuelewa mbinu. Mkifanya hivyo, msikilizaji wa Mwanza, Mombasa au Bujumbura atalijua jina la Lucas Mazur kwa sababu inayostahili: Tokyo alimshinda Suhas Yathiraj kwa seti mbili kwa moja baada ya kupoteza ya kwanza, na Paris akamshinda tena kwa seti mbili kavu.